Kuvuta Foki Mbele Hakutulizi Baiskeli

Kwenye vijiwe vya mafundi baiskeli hapa Songea, kuanzia Lizaboni hadi Mfaranyaki na Bombambili, kuna imani ambayo hakuna anayeihoji. Kijana anafika na baiskeli ya mashindano, ile ya mtumba yenye tairi nyembamba na usukani uliokunjwa kwenda chini. Anamwamkia fundi, anaeleza kwamba baiskeli inamchezea kwenye mteremko. Jibu linatoka kabla hajamaliza maelezo: foki yako imesimama mno, tuivute mbele kidogo itatulia. Watu wawili wanashika fremu, bomba la chuma linavishwa kwenye mguu mmoja wa foki, kisha mwingine, na baada ya muda mfupi kijana anaondoka akiamini kwamba sasa ana baiskeli iliyotulia kama Phoenix, ile baiskeli ya mzigo ya baba yake.

Nasema bila kuzunguka: imani hiyo ni kinyume kabisa cha ukweli. Foki ikivutwa mbele kupita ilivyotoka kiwandani, baiskeli haitulii, inazidi kuwa kali. Kijana aliyekuja kijiweni kwa hofu ya mteremko anarudishwa barabarani na baiskeli inayomyumbisha kuliko alivyokuja nayo, tena juu ya chuma kilichochoshwa.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu kwa sababu ya nchi yenyewe ilivyo. Mji wa Songea uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na barabara zake kubwa ni za kupanda na kushuka. Ukielekea Njombe unakutana na mlima wa Lukumburu. Ukienda magharibi, unapita Peramiho, unapandisha Mbinga, kisha barabara inateremka hadi Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambako maji yako chini ya mita 500. Lami imefika huko, na lami kwenye mteremko mrefu ina maana ya kasi. Baiskeli yenye tairi nyembamba inaweza kuvuka kilomita 60 kwa saa pasipo mtu kugusa pedeli. Kwa kasi hiyo usukani unaojibu kila mtikisiko wa kiwiko ni hatari, na kona inayofuata haimsubiri mtu ajipange.

Tuanze na chuma chenyewe. Chukua baiskeli yoyote, isimamishe wima mahali tambarare, gurudumu la mbele likitazama mbele. Shingo ya fremu, yaani lile bomba fupi linalobeba foki, haikusimama wima. Imelala nyuma. Sasa fuata mstari wa shingo hiyo kwa macho, uteremke nao hadi chini: utagusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi linapogusa. Sehemu ambayo tairi linakanyaga iko nyuma ya sehemu ambayo mstari wa usukani unakanyaga. Umbali kati ya sehemu hizo mbili hauna jina lililozoeleka vijiweni. Hapa nitauita mfuato.

Mfuato ndio unaolifanya gurudumu la mbele lijinyooshe lenyewe. Tazama vigurudumu vya kitanda cha wagonjwa hospitalini: ukikisukuma kitanda, kila kigurudumu kinageuka kikakaa nyuma ya mhimili wake na kufuata. Gurudumu la baiskeli linafanya hivyohivyo kwa kiasi kidogo. Likisukumwa pembeni na jiwe au upepo, msuguano wa barabara unalivuta lirudi kwenye mstari, na kadiri mfuato unavyokuwa mrefu ndivyo mvuto huo unavyozidi nguvu.

Mambo matatu ndiyo yanayopanga urefu wa mfuato: ukubwa wa gurudumu, mlalo wa shingo, na mchomozo wa foki, yaani umbali wa eksele kutoka kwenye mstari wa shingo. Gurudumu kubwa huongeza mfuato. Shingo iliyolala zaidi huongeza mfuato. Mchomozo wa foki hupunguza mfuato, na ni hapa ambapo imani ya kijiweni inaanguka. Ukiisukuma eksele mbele, unalisukuma na tairi mbele, na sehemu linapokanyaga inausogelea mstari wa shingo. Mfuato unafupika, nguvu ya kujinyoosha inapungua.

Kwa tarakimu ni hivi. Baiskeli ya kawaida ya mashindano yenye shingo ya digrii 73, gurudumu lenye nusu kipenyo cha takriban milimita 336 pamoja na tairi, na foki yenye mchomozo wa milimita 45, ina mfuato wa karibu milimita 56. Ndicho kipimo ambacho watengenezaji wengi hukizunguka. Ukiivuta foki hiyo mbele kwa sentimita 2 tu, kiasi ambacho fundi mwenye bomba refu anakipata kwa kusukuma mara moja, mfuato unashuka hadi milimita 35. Zaidi ya theluthi moja ya kile kilichokuwa kinaituliza baiskeli imeondoka.

Hapo ndipo wazee wa kazi hunijibu kwa Phoenix. Mbona Phoenix ina foki iliyojikunja mbele kama upinde, na hakuna baiskeli iliyotulia kuliko hiyo? Swali ni la haki, kwa kuwa Phoenix, pamoja na Raleigh na Avon, ndizo zilizoufundisha mkoa huu baiskeli ni nini. Zimebeba mahindi, mkaa, wagonjwa na maharusi. Anayedharau ushahidi wake hajui anachosema.

Lakini ushahidi huo umesomwa vibaya. Kwenye baiskeli ya mzigo ya aina ile gurudumu ni la inchi 28, kubwa kuliko la baiskeli ya mashindano, na shingo imelala sana, karibu digrii 68. Vitu hivyo viwili peke yake vingeleta mfuato mrefu kupita kiasi. Kama foki isingechomoza, usukani ungekuwa mzito, na gurudumu lingeanguka upande kila unapokwenda taratibu. Mtengenezaji akaichomoza foki sentimita 7 au zaidi ili aupunguze mfuato. Piga hesabu: digrii 68, nusu kipenyo cha milimita 355, mchomozo wa milimita 75, na unapata mfuato wa karibu milimita 63.

Ziweke sasa tarakimu hizo mbili pamoja. Phoenix yenye foki ya upinde, milimita 63. Baiskeli ya mashindano yenye foki iliyosimama, milimita 56. Zinaachana kwa milimita 7 tu. Macho yanaona foki mbili zisizofanana hata kidogo, lakini barabara inaona mfuato unaokaribiana. Tofauti kubwa ya utulivu unayoihisi inatoka kwingine pia: urefu wa baiskeli kutoka gurudumu hadi gurudumu, uzito wake, upana wa usukani, mahali mwendeshaji anapokaa. Upinde wa foki ya Phoenix upo kwa ajili ya kuulegeza usukani uliokuwa mzito. Kuuchukua upinde huo na kuupeleka kwenye fremu yenye shingo ya digrii 73 ni kumpa mtu dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Kuna wanaodai kwamba haya ni mambo ya vitabu. Basi tutazame majaribio yaliyofanywa kwa baiskeli zenyewe. Mwaka 1970 mkemia Mwingereza David Jones alichapisha kwenye jarida la Physics Today makala kuhusu kinachoisimamisha baiskeli. Alijenga baiskeli kadhaa akikusudia zishindwe kuendeshwa. Katika mojawapo aliigeuza foki ikaangalia nyuma, hivyo mchomozo wote ukahamia upande wa pili na mfuato ukarefuka mno. Aliposukuma baiskeli hiyo ikaenda peke yake bila mtu, ilisonga mbali ikijirekebisha kila ilipotaka kuanguka. Katika nyingine alilisogeza gurudumu la mbele zaidi mbele, kwa inchi 4. Hiyo ilikuwa ya tabu kuendesha, na ikiachwa peke yake haikuweza kujisimamia. Inchi 4 mbele ni kile kinachofanywa na bomba la fundi wetu, ila kimepelekwa hadi mwisho wake.

Jaribio la kwanza la Jones linaweza kurudiwa na kijana yeyote kwenye uwanja wa mpira wa nyasi pale shuleni kwao. Isukume baiskeli bila mtu, uone inakwenda hatua ngapi kabla ya kuanguka. Fungua nyaya za breki, zungusha usukani nusu mzunguko ili foki itazame nyuma, isukume tena. Usiipande, kwa kuwa breki haifanyi kazi na kidole cha mguu kitagusa tairi. Isukume tu na utazame. Kuna hata mchezo mzima ulioishi kwa ukweli huu: katika mbio za Ulaya ambazo mwendesha baiskeli hukimbia nyuma ya pikipiki uwanjani, foki za baiskeli hizo hugeuzwa nyuma. Lengo la kwanza ni kumkaribia anayekutangulia, ila kama foki iliyorudi nyuma ingekuwa inaondoa utulivu, hakuna mtu angethubutu kukimbia nayo kwa kasi ile.

Kwa nini basi imani hii imedumu miongoni mwa watu wenye mikono hodari kiasi hiki? Nawaheshimu mafundi hawa. Wananyoosha rimu kwa kuitazama tu ikizunguka mbele ya kidole, na wanaitambua gololi iliyovunjika kwa sauti. Watu wa namna hiyo hawashiki imani bila kuona kitu. Nadhani wameona vitu viwili, na vyote viwili ni vya kweli.

Cha kwanza ni foki iliyopinda kwa ajali. Mtu anaingia kwenye shimo au anagonga ukingo wa daraja, foki inarudi nyuma sentimita 3 au 4. Mfuato unarefuka kupita kiasi, na baiskeli inaanza vituko: mwendo ukiwa mdogo gurudumu linajiangusha upande, usukani unakuwa mzito, kidole cha mguu kinagonga tairi kwenye kona. Fundi anaivuta foki mbele hadi mahali pake, na baiskeli inapona. Hii ni kazi halali, nami naiunga mkono kama foki ni ya chuma. Tatizo linaanza pale mafanikio ya kuirudisha foki mahali pake yanapogeuzwa kuwa kanuni kwamba kila foki ikivutwa mbele inatuliza baiskeli. Kurudisha kilichohama ni kazi moja, na kuhamisha kilichokuwa mahali pake ni kazi nyingine kabisa.

Cha pili ni gololi. Ili foki ivutwe vizuri, mara nyingi hufunguliwa. Ikifunguliwa, fundi mwaminifu haiachi hivihivi: anafuta vikombe vya shingoni, anabadilisha gololi zilizokwisha, anaweka grisi mpya, anakaza nati barabara. Baiskeli inarudi barabarani bila kucheza, na sifa zote zinapewa bomba. Ilikuwa grisi. Ukiniuliza sababu ya kwanza ya usukani kuchezacheza katika mji huu nitakuambia ni shingo iliyolegea, ikifuatiwa na spoku zisizo na mkazo na rimu iliyoyumba. Jaribu hivi kabla ya kumruhusu mtu aguse foki: kaza breki ya mbele, weka kidole kwenye maungio ya shingo na foki, isukume baiskeli mbele na nyuma. Kidole kikisikia mchezo, umeipata shida yako, na tiba yake ni spana.

Wengine hutetea upinde kwa hoja ya mtikisiko: foki iliyokunjwa hucheza kama springi na kuupumzisha mkono. Ni kweli kwa kiasi kidogo, hasa miguu ikiwa myembamba na ya chuma laini. Lakini hoja hii inachanganya umbo la mguu na mahali pa eksele. Katika miaka ya 1980 Colnago wa Italia alileta foki yenye miguu iliyonyooka kabisa, na mchomozo wake ulikuwepo kama kawaida, kwa sababu miguu iliinamishwa mbele kuanzia juu inapoungana na taji, yaani kichwa cha foki. Kwa macho utasema imesimama. Ukiipima, eksele iko palepale. Ndiyo sababu nasema foki haipimwi kwa kutazama upinde.

Nimesoma pia wanaokwenda upande wa pili na kusema mfuato ndio kila kitu, uongeze tu na baiskeli itajiendesha. Nao wamepotoka. Mwaka 2011 watafiti wa Delft, Uholanzi, na Cornell, Marekani, wakishirikiana na wenzao, walionyesha katika jarida la Science baiskeli ya majaribio iliyojisimamia ikiwa na mfuato hasi kidogo, yaani tairi likikanyaga mbele ya mstari wa shingo, na bila msaada wa mzunguko wa magurudumu. Uzito wake ulikuwa umepangwa kwa namna ya pekee ambayo huioni kwenye baiskeli ya dukani, lakini somo liko wazi: utulivu wa baiskeli una wazazi wengi. Ule mtetemeko wa ghafla wa usukani kwenye kasi kubwa, kwa mfano, unahusiana pia na ulaini wa fremu, magurudumu na jinsi mtu alivyokaa, na mfuato mrefu hauuondoi kwa lazima. Ukikupata mteremkoni, bana bomba la juu la fremu kwa magoti, punguza uzito kwenye kiti, punguza mwendo taratibu. Usiushike usukani kwa mikono iliyokakamaa.

Na mfuato ukizidi ni mateso ya mlimani. Hapa naomba wanaofunga foki za baiskeli nyingine wanisikilize, maana hilo ni kosa pacha la kuvuta. Foki ya Phoenix imekatika, fundi hana nyingine, anafunga iliyotoka kwenye baiskeli ya milimani yenye mchomozo wa milimita 40. Inaingia, nati inakaza, gurudumu linazunguka, kazi imekwisha. Lakini mfuato umetoka milimita 63 hadi karibu 100. Mwenye baiskeli anafunga gunia la mahindi kwenye keria, uzito wote uko nyuma, anapandisha kilima kwa mwendo wa mtu anayetembea, na gurudumu la mbele linaanguka kushoto, linaanguka kulia, naye anapigana nalo kwa mabega hadi juu. Atasema mzigo umezidi. Mzigo ni uleule aliobeba mwaka jana.

Foki ya springi kwenye fremu ya mashindano ni mbaya zaidi, kwa sababu ni ndefu. Kila sentimita inayoongezeka chini ya shingo inailaza shingo kwa zaidi ya nusu digrii. Foki iliyozidi kwa sentimita 8 inaitoa shingo digrii 73 na kuilaza hadi karibu 68, na mfuato unakaribia milimita 90. Inapendeza kuitazama. Kwenye kona baiskeli haikati inavyotakiwa, na fremu yenyewe haikujengwa kubeba mkazo huo shingoni.

Kupima hakuhitaji mashine. Chukua ubao mnyoofu au kipande kirefu cha bomba, kilaze ubavuni mwa shingo kikifuata mlalo wake hadi kiguse sakafu, piga alama ya chaki. Chukua uzi, ufunge nati mwishoni kama timazi ya mwashi, ushikize katikati ya eksele, uache utulie, piga alama ya pili chini yake. Pima kati ya alama mbili. Ukipata kati ya milimita 50 na 65 kwenye baiskeli ya mashindano, foki iko sawa, iache, tafuta ugonjwa kwingine. Ukikuta 30, kuna mtu ameshaivuta. Ukikuta 90, imerudi nyuma kwa ajali au si foki yake. Fanya hivyo pande zote mbili, kwa kuwa mguu mmoja ukivutwa kuliko mwingine gurudumu linakaa kombo na baiskeli itavuta upande siku zote.

Limebaki suala la chuma chenyewe, na hapa sina simile. Foki nyingi za Phoenix ni za chuma, na chuma kinavumilia kupindwa mara moja, tena baridi. Baiskeli za mashindano za mtumba mara nyingi hazina foki ya chuma. Alumini ikipindwa inaanza nyufa ambazo jicho halizioni. Kaboni haipindiki kabisa: inachanika tabaka kwa tabaka ndani huku rangi ya nje ikibaki inang'aa. Tumia sumaku ya spika mbovu. Ikinata kwenye miguu ya foki, ni chuma. Isiponata, bomba lirudi lilipotoka, na moto wa gesi usikaribie.

Vijana wetu walioshuhudia mashindano ya dunia yakifanyika Kigali Septemba 2025, kwa mara ya kwanza barani Afrika, wanataka baiskeli hizi na watazidi kuzitaka. Wanajua pia kwamba Chris Froome, mshindi wa Tour de France mara nne, alizaliwa Nairobi na kujifunza baiskeli kwa David Kinjah kule Kikuyu. Hawana duka la vipuri vya mashindano hapa Songea; wana mafundi. Kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwa mafundi. Kijana akija na baiskeli inayocheza, shikeni kwanza shingo, spoku na rimu. Kisha pimeni mfuato kwa chaki na uzi. Foki ya chuma iliyopinda irudisheni mahali pake, isipite hapo hata kidogo. Ya alumini au kaboni iliyopinda msiinyooshe kwa bei yoyote: mwambieni mwenyewe aitupe, na mkaiponde mbele yake ili asiipeleke kijiwe cha pili.